Sura ya Tano: Kwa Nini Leseni ya Lori Haitoshi Kubeba Mafuta?

"Gesi inachimbwa hapa hapa kwetu Msimbati. Mbona mtungi wa kupikia unaletwa kwa lori kutoka mbali?"

Swali hili linaulizwa kijijini Msimbati, Madimba na Mtwara mjini, na anayeliuliza ana haki ya kupata jibu. Nyuma yake huja swali la pili, la kijana mwenye leseni ya daraja E, aliyekwisha kusomba korosho msimu baada ya msimu: "Lori ni lori. Kama naaminiwa kubeba tani thelathini za korosho mpaka bandarini, kwa nini tenki la petroli nakatazwa?"

Maswali haya yanaonekana kama hayana undugu, lakini jibu lake ni moja. Kila mzigo una tabia yake. Korosho ikimwagika barabarani inakaa pale ilipoangukia, inakusubiri uiokote. Petroli ikimwagika inaanza kutembea. Gesi ya mtungi ikivuja inatambaa chini kwa chini, na gesi ya Msimbati ikivuja inapanda juu. Anayebeba kitu lazima aijue tabia yake kabla hajakipakia. Leseni ya kubeba mizigo ya hatari ni ushahidi kwamba dereva anaijua tabia hiyo, kwamba gari limeandaliwa kwa ajili yake, na kwamba mtu mwingine yeyote njiani anaweza kuitambua.

Katika sura hii tutaanza na mizigo yenyewe, kisha tutaingia kwenye ofisi na vyeti. Nimeipanga hivyo kwa makusudi. Mtu aliyeielewa hatari haoni cheti kuwa usumbufu.

Gesi mbili, tabia mbili

Gesi ya Msimbati, yaani ya Ghuba ya Mnazi, iligunduliwa mwaka 1982. Leo inasafishwa katika kiwanda cha Madimba, kisha inaingia kwenye bomba kubwa lililozinduliwa mwaka 2015 na kwenda mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Sehemu kubwa sana ya gesi hiyo ni metheni. Metheni ni nyepesi kuliko hewa, na si rahisi kuigeuza kimiminika: inabidi ipozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Ndiyo maana usafiri wake wa kawaida ni bomba.

Gesi ya mtungi ni kitu kingine. Ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, unaoletwa nchini kwa meli. Ukiibana kidogo tu inageuka kimiminika, na kimiminika hicho kikitoka nje kinatanuka karibu mara 250. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unabeba moto mwingi katika nafasi ndogo, na unasafirishika kwa lori hadi kijijini.

Tofauti kubwa kwa dereva ni hii: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari lililofungwa inajaa kutoka sakafuni kwenda juu. Ikivuja uwanjani inajikusanya mtaroni, shimoni, mvunguni. Mtu anaweza kusimama akisikia harufu kidogo tu puani, kumbe miguu yake iko ndani ya gesi inayongoja cheche.

Hapo swali la kwanza limejibiwa. Gesi inayotoka Msimbati siyo inayoingia kwenye mtungi. Gesi inayofaa kwa bomba inakwenda kwa bomba. Inayofaa kwa mtungi inakuja kwa barabara. Tena itazidi kuja, kwa sababu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mitungi itaongezeka, na madereva wanaojua kuibeba lazima waongezeke pamoja nayo.

Mizigo ya hatari inayopita mbele ya nyumba yako

Tunaposema mzigo wa hatari, wengi huwaza tenki la mafuta peke yake. Dunia nzima inatumia mgawanyo mmoja wa makundi tisa, uliopangwa chini ya Umoja wa Mataifa. Soma orodha hii ukifikiria barabara za Kusini:

1. Vilipuzi: baruti za migodini na kwenye machimbo ya mawe.
2. Gesi: mitungi ya kupikia, na mitungi ya oksijeni inayopelekwa hospitali.
3. Vimiminika vinavyowaka: petroli, dizeli, mafuta ya taa, thina, spiriti.
4. Vitu vikavu vinavyowaka: salfa ya mikorosho. Kabaidi ya mafundi wa kuchomelea nayo imo humu, kwa sababu ikiguswa na maji inatoa gesi inayowaka.
5. Vitu vinavyoupa moto pumzi: baadhi ya mbolea za naitreti, na klorini ya unga ya kutibu maji. Vyenyewe huenda visiwake, lakini huufanya moto wa jirani uwake kwa nguvu kubwa zaidi.
6. Sumu na vitu vya kuambukiza: viuatilifu vya shambani, sianidi ya kuchenjulia dhahabu, sampuli za maabara.
7. Vitu vyenye mionzi: vyanzo vya mionzi vya kutibu saratani au kupima uimara wa mabomba.
8. Vitu vinavyobabua: asidi ya betri, kostiki soda ya watengeneza sabuni.
9. Mengineyo: betri za lithiamu na vitu vinavyodhuru mazingira.

Tuikamate salfa kidogo, maana hakuna mkulima wa korosho Mtwara asiyeijua. Ubwiriunga ukiingia kwenye maua ya mkorosho mavuno yanakwenda, na salfa ya unga ndiyo dawa iliyozoeleka. Inashushwa bandarini, inapakiwa kwenye malori, inakwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi. Kwa kuwa mkulima anaipuliza kwa mashine begani mwake kila msimu, anaiona kama unga wa mahindi. Lakini vumbi la salfa likitanda katika chumba kilichofungwa linaweza kulipuka kwa cheche moja. Ikiwaka, mwali wake ni wa buluu hafifu, mchana ni taabu kuuona, na moshi wake unachoma mapafu. Ukiupiga moto wa salfa kwa maji ya nguvu unarusha vumbi hewani na kuukuza. Unazimwa kwa maji ya manyunyu. Dereva asiyejua haya anaweza kuwa hodari wa usukani, na bado akawaponza vibarua wanaoshusha mifuko.

Oksijeni nayo ina siri yake. Haiwaki, lakini grisi au mafuta kwenye koki ya mtungi wa oksijeni yanaweza kushika moto ghafla. Utingo mwenye mikono ya oili, anayefungua koki ili kujaribu kama mtungi umejaa, anacheza na kifo akidhani anafanya kazi yake.

> Kwa ufupi: Mzigo wa hatari ni kitu chochote ambacho, kikitoka mahali pake, kinaweza kuua, kuunguza, kulipuka, kubabua au kuharibu ardhi na maji. Vingi kati ya hivyo ni vitu vya kila siku.

Petroli: mzigo unaotembea

Tenki moja kubwa hubeba takriban lita 40,000. Zikiwa za petroli, uzito wake unakaribia tani 30. Uzito huo unafanana na wa korosho, lakini mwenendo wake barabarani ni mwingine kabisa.

Kwanza, mzigo unacheza. Gunia likishapangwa na kufungwa kamba linatulia. Mafuta kwenye tenki lisilojaa yanakimbilia mbele ukifunga breki, yanaegemea upande ukikata kona, kisha yanarudi na kulisukuma gari wakati wewe umeshanyoosha usukani. Ndiyo sababu matenki hugawanywa vyumba na kuwekewa kuta za ndani zenye matundu. Ndiyo sababu pia dereva wa tenki hufundishwa kupunguza mwendo kabla ya kona. Akisubiri mpaka aingie konani, amechelewa.

Pili, kinachowaka ni mvuke. Petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye joto la Mtwara inatoa mvuke usiku na mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauonekani, na unafuata mteremko kama maji. Jiko la mama ntilie lililo bondeni, mita nyingi kutoka lilipoanguka tenki, linaweza kuuwasha, na moto ukarudi kwenye tenki kwa njia ile ile. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo hata haya mawili, tunayoyaita kwa jina moja la mafuta, hayana tabia moja.

Tatu, tenki tupu si tupu. Baada ya petroli kushushwa, ndani hubaki mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Tenki lililojaa petroli pomoni halina hewa ya kuuwasha moto. Mafundi wamepoteza maisha wakichomelea mapipa "matupu" yaliyokaa juani siku nyingi. Dereva wa tenki anajifunza kuliheshimu tenki wakati wa kurudi kama alivyoliheshimu wakati wa kwenda.

Nne, mafuta yanapotiririka yanazalisha umeme tuli, ule ule unaosisimua nywele ukivua sweta. Cheche yake ndogo inatosha kuwasha mvuke. Ndiyo maana kabla ya kushusha mafuta kituoni, waya wa kupeleka umeme ardhini hufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho. Na ndiyo maana kumimina petroli kwenye dumu la plastiki lililopakatwa juu ya pikipiki ni hatari hata kama hakuna mtu anayevuta sigara.

Msamvu, na somo lililolipiwa kwa damu

Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika, wengi wao vijana na waendesha bodaboda, wakachota mafuta kwa madumu. Moto ulipolipuka uliwakuta wakiwa wamelizunguka. Waliofariki, pale pale na baadaye hospitalini, walizidi 100, na taifa likaingia katika siku tatu za maombolezo.

Wenzetu walikwisha kupita njia hiyo. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna ile ile. Sange, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, Julai 2010, moto wa lori la mafuta uliua zaidi ya watu 200, wengine wakiwa wamejikusanya kibandani wakitazama Kombe la Dunia.

Tukizungumza juu ya misiba hii tunakimbilia kulaumu tamaa ya waliochota. Mimi sikubali kuishia hapo. Mtu anayeuza siku yake nzima kwa shilingi elfu kadhaa, akiona dumu la petroli linajaa bure mbele yake, hahitaji mahubiri. Anahitaji kujua kwamba hewa anayoivuta wakati huo imeshageuka baruti. Wengi walijua kwamba petroli inawaka. Ambacho hawakukijua ni kwamba mvuke ulikuwa umeshawazunguka kabla ya moto.

Anayetegemewa kuwa nao ujuzi huo mahali pale, katika dakika zile za kwanza, ni dereva. Polisi bado hawajafika, zimamoto bado wako njiani. Kwenye barabara ya kwenda Msimbati, ambako gari la zimamoto linategemewa litoke Mtwara mjini, dakika hizo ni nyingi zaidi. Dereva akiwa mzima ndiye anayepaswa kuzima injini, kufunga vali, kuwaambia watu wasogee upande upepo unakotoka, na kumsimamisha bodaboda anayekuja na injini inayonguruma. Kama hakufundishwa, naye atakuwa mtu mmoja tu kati ya wanaoshangaa.

Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wetu wa daraja E. Leseni aliyonayo inathibitisha kwamba anaweza kuliongoza gari likiwa salama. Leseni ya mzigo wa hatari inaongeza swali la pili: mambo yakiharibika utafanya nini?

Nguzo tatu: dereva, gari na mwenye mzigo

Watu husema "kukata leseni ya kubeba mafuta" kana kwamba ni karatasi moja ya mtu mmoja. Kwa hakika ni nguzo tatu zinazobeba paa moja, na ikikosekana moja paa linainama.

*Nguzo ya kwanza: dereva*

1. Leseni ya udereva ya daraja linaloruhusu magari makubwa ya mizigo, yaani daraja E. Unasoma chuo kinachotambulika, kama vile VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, unapimwa na askari wa usalama barabarani, na leseni inatolewa na mamlaka ya mapato, TRA.
2. Kusajiliwa na kuthibitishwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, imepewa kazi ya kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara.
3. Mafunzo ya mzigo wenyewe. Kwa wanaobeba kemikali, mafunzo hutolewa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kusini iko Mtwara. Humo dereva anajifunza makundi tisa, alama, vifaa vya kujikinga, huduma ya kwanza na hatua za dharura.
4. Udereva wa kujihami: kuendesha ukitarajia kosa la mwenzako, kupumzika kwa ratiba, na kuegesha mbali na makazi ya watu.

*Nguzo ya pili: gari*

1. Tenki lililotengenezwa kwa viwango, lenye vali za dharura zinazofungika haraka na mifuniko isiyomwaga mafuta gari likipinduka.
2. Vipimo. Wakala wa Vipimo hulipima tenki ili ijulikane kila chumba kinabeba lita ngapi. Kipimo hiki kinamlinda mnunuzi asipunjwe, na pia kinazuia tenki kujazwa kupita kiasi, maana kimiminika kinahitaji nafasi ya kutanuka kwa joto.
3. Ukaguzi wa polisi na wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: breki, matairi, taa, nyaya zisizochunwa, mitungi ya kuzimia moto iliyo hai.
4. Leseni ya gari la mizigo kutoka LATRA, na bima.
5. Alama za mzigo pande zote, tutakazojifunza kuzisoma hivi punde.

*Nguzo ya tatu: mwenye biashara*

Hapa mlango unategemea mzigo. Ukikosea mlango utapoteza miezi, kwa hiyo ishike orodha hii:

- Mafuta na gesi ya kupikia: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Leseni huombwa kwa mtandao.
- Kemikali za viwandani na majumbani: Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2003 ya usimamizi wa kemikali hizo.
- Baruti: mamlaka za madini, kwa Sheria ya Baruti ya mwaka 1963. Polisi huhusika na ulinzi wake.
- Vyanzo vya mionzi: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao Arusha.
- Taka hatarishi, kama vile oili chafu na betri mbovu: mamlaka za mazingira.

Leseni hizi zina muda wake, na masharti yake hurekebishwa mara kwa mara. Kabla ya kununua gari au kulipa ada ya mafunzo, nenda ofisini kwa mamlaka husika ukachukue masharti ya mwaka huo. Usimpe fedha mtu wa kati anayekuahidi cheti bila kukanyaga darasani. Atakuuzia karatasi, na siku ya ajali karatasi haifungi vali.

> Kwa ufupi: Uliza kwanza "nabeba nini?" Jibu lake ndilo linalokuonyesha ofisi ya kwenda. Kisha hakikisha dereva, gari na biashara vyote vina vyeti vinavyolingana na mzigo huo.

Kibao cha rangi ya chungwa

Sasa tujifunze kusoma. Lori linalofuata utaratibu huwa na kibao cha rangi ya chungwa chenye mistari miwili ya namba. Namba ya chini ina tarakimu nne na ni jina la mzigo kwa lugha ya dunia nzima. Namba ya juu inaeleza tabia yake.

- 33 juu, 1203 chini: petroli.
- 30 juu, 1202 chini: dizeli.
- 23 juu, 1965 chini: gesi ya kupikia.
- 40 juu, 1350 chini: salfa.
- 80 juu, 1830 chini: asidi ya salfa.

Katika namba ya juu, 2 ni gesi, 3 ni kimiminika kinachowaka, 4 ni kitu kikavu kinachowaka, 5 ni kinachoupa moto pumzi, 6 ni sumu, 8 ni kinachobabua. Tarakimu ikijirudia, hatari imezidi. Ndiyo maana petroli ni 33 na dizeli ni 30: ile inawaka upesi, hii inahitaji kuchokozwa. Ukiona herufi X mbele ya namba, mzigo huo haupatani na maji. Mtu mwema atakayekimbilia ndoo ili kusaidia anaweza kuuongeza moto.

Utaratibu huu ulianzia kwenye mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1956, na mwaka uliofuata nchi za Ulaya zikatia saini mjini Geneva mkataba wa kubeba mizigo ya hatari kwa barabara. Faida yake kwetu ni kubwa, kwa sababu malori yetu hayaishii mpakani. Petroli inayoshushwa bandari ya Mtwara, ambayo tangu mwaka 2018 inapokea mafuta yanayoagizwa kwa pamoja na kuletwa kwa meli, inapita Masasi na Tunduru kwenda Songea. Lori la Dar es Salaam linafika Lubumbashi. Hata pale askari na dereva wasipoelewana kwa lugha, 1203 wanaisoma sawasawa wote wawili.

Pamoja na kibao, ndani ya kichwa cha lori kunatakiwa kuwa na karatasi ya dharura: jina la mzigo, hatari zake, namna ya kuzima moto wake, huduma ya kwanza, na namba za simu. Iwe kwa lugha anayoielewa dereva. Karatasi ya Kiingereza iliyofichwa chini ya kiti haimfai anayeongea Kiswahili na ambaye moshi umeshaingia machoni.

Msimbati ina cha kupoteza

Kijiji cha Msimbati kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Hapa pana matumbawe, mikoko na fukwe wanakotaga kasa, na pana wavuvi ambao maisha yao yanategemea vyote hivyo. Mafuta yakimwagika kwenye mchanga hayabaki juu. Yanazama, yanafika kwenye visima. Mvua ikinyesha yanafuata maji mpaka kwenye mikoko, na mkoko uliofunikwa mizizi yake kwa mafuta unakosa pumzi na kufa. Samaki wadogo wanaolelewa humo wanakosa pa kukulia. Kosa la dakika moja barabarani linaweza kumfikia mvuvi ambaye hajawahi kupanda lori.

Kwa hiyo naomba elimu hii isibaki kwa madereva. Mambo haya matano yafundishwe shuleni, msikitini, kanisani na kijiweni kwa bodaboda:

1. Ukiona lori la mzigo wa hatari limepinduka au linavuja, usilisogelee. Ondoka kuelekea upande upepo unakotoka, na upande wa juu kama kuna mteremko.
2. Usiwashe chombo chochote karibu nalo, iwe pikipiki au jiko, na usiwashe wala kuzima taa ya umeme.
3. Soma kibao ukiwa mbali, kisha piga zimamoto 114 au polisi 112, ukiwatajia mahali ulipo na namba ulizoziona.
4. Wazuie wengine. Mmoja akianza kuchota, mia watamfuata.
5. Mtungi wa gesi ubebwe umesimama, koki imefungwa, mahali penye hewa. Usiulaze ndani ya gari lililofungwa pamoja na abiria.

Tumrudie kijana wetu

Kijana wa daraja E aliuliza kwa nini haaminiwi. Ukweli ni kwamba anaombwa awe tayari kuaminiwa na watu wengi zaidi. Mwenye korosho anamwamini kwa mali yake. Dereva wa tenki anaaminiwa na kila mtu anayelala kando ya barabara kutoka bandarini hadi kituoni, na wengi wao hawatalijua jina lake kamwe.

Aanze na safari fupi. Aende ofisi ya Mkemia Mkuu pale Mtwara mjini, aulize mafunzo yajayo ni lini na kama yanamfaa mbeba petroli. Aulize LATRA kuhusu kuthibitishwa. Akienda kuomba kazi ya tenki, kabla ya kuuliza mshahara, amwulize mwajiri maswali matatu: tenki lilipimwa lini, mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini, na karatasi ya dharura iko wapi. Mwajiri akikasirikia maswali hayo, ajue amepata jibu, na asipande.

Akipata kazi mahali panapostahili, siku yake ya kwanza alizunguke gari lake taratibu kabla ya kuwasha injini. Aguse vali, atazame matairi, afute vumbi kwenye kibao cha rangi ya chungwa mpaka namba zisomeke. Huko mbele, kwenye kijiji asichokijua, huenda kuna mtoto wa shule aliyefundishwa kuzisoma.